Kuoanisha Matabaka ya Bahari ya Kale kwa Kaboni: Mwongozo wa Kazi

Chukua vipande viwili vya mwamba. Kimoja ni udongo wa mfinyanzi mgumu, wa kijivu kilichoingia ukijani, uliotolewa na keekee chini ya ardhi ya ukanda wa Kilwa na Lindi, Tanzania. Kingine kimetoka kwenye ukuta wa machimbo ya Dababiya, karibu na Luxor, Misri. Kati ya mahali hapo pawili kuna karibu kilomita 4,000. Sasa mtu anakuuliza: je, vipande hivi vilitua chini ya bahari wakati mmoja? Hakuulizi kuhusu zama moja zenye urefu wa mamilioni ya miaka, maana hilo visukuku vinalijibu. Anauliza kuhusu maelfu yale yale ya miaka.

Njia ya kulijibu swali hilo ipo, nayo ni kupima uwiano wa isotopu za kaboni kwenye miamba yote miwili, tabaka baada ya tabaka, kisha kulinganisha michoro. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa jiolojia anayejiandaa kwa kazi yake ya kwanza ya nje, na wa mtu yeyote atakayeletewa mchoro wa namna hiyo aamue kama auamini. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kaboni haikupi tarehe, inakupa umbo. Umbo hilo lina nguvu kubwa, lakini huja mwisho. Kwanza uhakikishe kwamba mwamba haukubadilishwa baada ya kuzikwa, kisha visukuku au majivu ya volkeno vikufikishe kwenye mtaa unaostahili. Hapo ndipo kaboni inakuonyesha nyumba. Anayeanza na umbo atapata nyumba zinazofanana katika kila mtaa.

Kinachopimwa

Ondoa kwanza mkanganyiko wa kaboni-14. Hiyo ndiyo inayotumika kupima umri wa makaa na mifupa ya kale. Nusu yake huoza kila miaka 5,730, na kwenye kitu chenye zaidi ya miaka 50,000 hivi hakuna tena cha kupimwa. Sisi tunashughulika na miamba ya mamilioni ya miaka, kwa hiyo tunatumia isotopu mbili zisizooza: kaboni-12, ambayo ni kama asilimia 98.9 ya kaboni yote, na kaboni-13, yenye nyutroni moja zaidi, ambayo ni asilimia 1.1.

Mimea na planktoni wanapojitengenezea chakula huchukua kaboni nyepesi kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mabaki ya viumbe yana upungufu wa kaboni-13, na maji ya bahari yanabaki na ziada yake. Chokaa inayojengeka kwenye maji hayo, iwe gamba la kiumbe au matope meupe ya sakafuni, hubeba uwiano wa maji kwa tofauti ndogo tu. Basi ukipima chokaa, unapima bahari iliyoizaa.

Uwiano huo huandikwa kwa alama ya delta, δ¹³C, kwa sehemu za elfu (‰), ukilinganishwa na kipimo cha marejeo. Kipimo cha kwanza kilikuwa kisukuku cha belemnaiti, mnyama wa jamii ya ngisi, kutoka miamba ya Pee Dee, South Carolina, Marekani. Kikundi cha Harold Urey huko Chicago ndicho kilichokitumia, na unga wake uliisha zamani. Leo tunatumia kipimo mbadala kinachoitwa VPDB, kilichowekwa Vienna. Chokaa nyingi ya bahari huwa kati ya 0 na +3‰. Mabaki ya mimea mingi ya nchi kavu huwa karibu na −27‰, na methani inayotokana na vijidudu hufika −60‰ au chini zaidi.

Nataka uone udogo wa kitu tunachokitafuta. Katika kipimo cha marejeo, kwa kila atomi 100,000 za kaboni nyepesi kuna nzito 1,118 hivi. δ¹³C ya bahari ikishuka kwa 3‰, jambo ambalo katika historia ya dunia ni msukosuko mkubwa, hizo 1,118 zinapungua atomi tatu tu. Kwa hiyo uchafu kidogo, mshipa mwembamba wa kalisaiti au mzizi uliopita hapo miaka elfu iliyopita unatosha kukuandikia tukio ambalo halikutokea.

Kwa nini bahari nzima husema neno moja

Ukitia chumvi kwenye sufuria kubwa ya mchuzi ukakoroga, kila bakuli litapata ladha ile ile, mradi unakoroga upesi kuliko unavyopakua. Bahari huchukua miaka elfu moja na kitu hivi kuchanganyika yote. Kaboni iliyoyeyuka humo hukaa kwa muda mrefu zaidi ya huo, miaka 100,000 na zaidi, kabla ya kuzikwa. Kwa hiyo badiliko lolote kubwa la kaboni huenea kila pembe ya bahari kabla halijafutika, na kwa mwamba ulioumbika kwa mamilioni ya miaka, hilo ni sawa na kusema limefika kila mahali siku moja.

Mabadiliko yenyewe, tunayoyaita michepuko, ni ya aina mbili. Viumbe wengi wakizikwa pamoja na kaboni yao nyepesi, bahari inabaki nzito na mchoro unapanda. Mfano wake ni tukio la mpaka wa Senomania na Turonia, miaka milioni 94 hivi iliyopita, ambapo sehemu kubwa za bahari zilikosa oksijeni, matope meusi yakazikwa, na mchoro ukapanda kwa takriban 2‰ au zaidi, kuanzia chaki ya Uingereza na chokaa ya Gubbio, Italia, hadi Pueblo, Colorado. Kaboni nyepesi ikimiminwa ghafla baharini na angani, mchoro unashuka. Mfano mashuhuri ni ule wa mpaka wa Paleosini na Eosini, miaka milioni 56 iliyopita, na huo ndio nitakaoutumia kukuongoza kwa sababu uko kwetu pia.

Lakini sufuria si moja daima. Ghuba iliyofungika, wangwa usio na mlango mpana, au jukwaa la chokaa lenye maji ya kina kifupi huwa na mchuzi wake. Kwenye jukwaa la Bahama leo, mashapo ya juu yana +4 hadi +5‰, juu kabisa ya kiwango cha bahari kuu. Usawa wa bahari unapopanda na kushuka, kiasi cha mashapo hayo yanayoporomoka kwenda kwenye miteremko ya kina hubadilika, na mchoro wa mteremko hubadilika nacho hata kama kaboni ya bahari kuu haijatikisika. Peter Swart na wenzake wameliandika hili kwa uzito unaostahili. Kwa hiyo kabla ya yote, jua mwamba wako ulilala wapi. Ukiweza kuchagua, chagua mashapo ya bahari wazi.

Mwambani

Katika nchi za joto na mvua kama pwani yetu, mwamba unaoonekana juu ya ardhi umekwisha kuchakaa. Udongo wa mfinyanzi hugeuka kahawia, magamba huyeyuka, na mizizi huingia ndani kuliko unavyodhani. Hii ni mojawapo ya sababu zilizowafanya watafiti wa mradi wa uchimbaji ulioongozwa na Paul Pearson, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), kutumia keekee za kutoboa ardhi katika maeneo ya Kilwa na Lindi kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000. Walitoa nguzo nyembamba za mwamba zilizohifadhi tabaka baada ya tabaka. Majina waliyoyapa makundi ya miamba hiyo utayajua ukipita barabarani: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande.

Kama una nguzo ya keekee, kazi ni nyepesi kiasi. Kama huna, chimba mtaro hadi upate mwamba mbichi, usiobadilika rangi ukiupasua. Pima unene kwa fimbo iliyosimamishwa wima juu ya mlalo wa tabaka, si kwa kamba iliyolazwa juu ya ardhi. Chora tabaka zote kwenye daftari kwanza, kutoka juu hadi chini, kabla ya kuondoa kipande chochote, kwa sababu ukishaanza kugonga nyundo macho yako yatafuata mfuko na kuusahau mwamba. Weka mshale wa kuonyesha upande wa juu. Andika namba kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ndani ya mfuko, na tena nje ya mfuko.

Umbali kati ya sampuli ni jambo la hesabu, na hesabu hii ifanyike kabla ya safari. Tuseme mashapo yako yalikusanyika kwa sentimita 2 kila miaka 1,000. Ukichukua sampuli kila mita moja, kila hatua yako ni miaka 50,000. Tukio la mpaka wa Paleosini na Eosini lilichukua jumla ya miaka 150,000 hadi 200,000, yaani mita 3 au 4 za mwamba wako, na mwanzo wake ulikuwa wa haraka sana, pengine maelfu machache ya miaka tu. Kwa hatua ya mita moja utapata nukta tatu au nne ndani ya tukio zima, na mwanzo wake utaupita usiku. Pita kwanza kwa hatua pana, mita moja au nusu, upate sura ya jumla. Kisha rudi palipobadilika, uchukue kila sentimita 2 hadi 5. Wengi hawarudi, kwa sababu ya nauli au uchovu, kisha wanaandika juu ya tukio waliloliona kwa nukta mbili.

Ninapofundisha wanaoanza, huwapeleka kwanza kwenye mwamba wa matumbawe wa ufukweni, ule ule unaochongwa mawe ya kujengea nyumba. Nawaambia waugonge na watazame ndani. Utaona tumbawe lililobaki mifupa tu, matundu yaliyoachwa na magamba yaliyoyeyuka, na ndani ya matundu hayo fuwele ndogo zinazometa. Bahari iliupa mwamba huu kitu kimoja, mvua ikauchukua na kuweka kingine. Maji ya mvua yaliyopita kwenye udongo hubeba kaboni ya mizizi na majani yaliyooza, nayo ni nyepesi. Fuwele zinazometa zimejengwa kwa kaboni hiyo. Ukizisaga pamoja na tumbawe, namba utakayopata si ya bahari wala ya mvua. Mtu aliyekwisha kuuona mwamba huu kwa macho yake hahitaji kukumbushwa tena kwa nini tunakwepa mishipa, matundu yaliyojazwa, na uso wowote wa kale uliowahi kuwa nchi kavu.

Maabara

Kata kipande, lainisha uso, kisha tumia keekee ndogo, ya aina anayotumia daktari wa meno, kutoa unga kwenye sehemu isiyo na mshipa wala kisukuku kikubwa. Kinachohitajika ni kidogo mno: mikrogramu 50 hadi 100 za chokaa zinatosha kwa mashine nyingi za leo. Unga huo hutiwa asidi ya fosforasi iliyokolea, aghalabu kwenye nyuzi 70 za Selsiasi, nao hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi inaingia kwenye spektromita ya tungamo inayohesabu molekuli za uzito wa 44, 45 na 46, na kutokana na hesabu hiyo unapata kaboni na oksijeni kwa mkupuo mmoja. Usitupe namba za oksijeni hata kama hukuziomba. Ni shahidi wako wa baadaye.

Swali la kwanza la kuamua ni utapima nini. Chokaa yote kwa jumla ni rahisi na ya bei nafuu, na kwenye chaki ya bahari kuu inafanya kazi nzuri. Magamba ya foraminifera, viumbe wadogo sana wa baharini, yaliyookotwa moja moja chini ya darubini ni kazi ya siku nyingi, ila yanakueleza mahali: wapo walioishi karibu na uso wa maji na wapo walioishi sakafuni. Na kama mwamba hauna chokaa, unapima kaboni ya mabaki ya viumbe, baada ya kuondoa chokaa yoyote kwa asidi ya hidrokloriki na kuosha mara kadhaa.

Katika mpaka wa Paleosini na Eosini chaguo hili lina uzito wa pekee. Kaboni iliyomiminwa baharini wakati ule iliyafanya maji kuwa na tindikali zaidi, na kwenye kina kirefu chokaa ya sakafuni ikayeyuka. Kwa hiyo mara nyingi pale pale mwanzo wa tukio unakuta ukanda mwekundu au wa kijivu wa udongo mtupu. Anayepima chokaa peke yake atakuwa na pengo mahali anapopataka kuliko pengine pote. Pima zote mbili, chokaa na kaboni ya viumbe, sampuli kwa sampuli. Hizi mbili hufuata njia tofauti kuharibika, basi zikishuka pamoja mahali pamoja una haki ya kuanza kuamini.

Kuna pia minyoo. Wanyama wa sakafuni huchimba na kuchanganya mashapo ya sentimita kadhaa za juu, gamba la jana likaenda kulala na la miaka elfu mbili iliyopita. Ukisaga magamba ishirini pamoja unapata wastani, na mwanzo wa ghafla unaonekana kama mteremko mpole. Watafiti waliopima gamba moja moja kutoka kisima namba 690 karibu na Antaktika, kisima kile kile ambapo James Kennett na Lowell Stott walitangaza tukio hili mwaka 1991, walikuta magamba ya kabla na ya baada, na ya katikati karibu hakuna. Mteremko mpole ulikuwa kazi ya minyoo.

Dai maabara ikupe pamoja na namba zako matokeo ya vipimo vya marejeo vilivyopimwa siku hiyo hiyo, na rudia sampuli moja katika kila kumi. Kwa kaboni ya chokaa, tofauti ya marudio ikizidi 0.1‰ tafuta sababu kabla ya kuendelea.

Je, mwamba unasema kweli?

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko pote.

Njia ya kwanza ni macho. Kata vipande vyembamba, vitazame kwa darubini. Gamba la foraminifera lisiloguswa linapitisha mwanga kama kioo. Lililobadilishwa ni jeupe na kavu kama sukari. Udongo wa Kilwa ni maarufu duniani kwa sababu hiyo hasa: haupitishi maji, haukuzikwa kwa kina kikubwa, na magamba ndani yake yamebaki kama kioo. Mwaka 2001 Pearson na wenzake walichapisha vipimo vya magamba ya Tanzania vilivyoonyesha kwamba bahari za tropiki za zama zile zilikuwa na joto zaidi ya ilivyodhaniwa, kwa kuwa magamba ya bahari kuu waliyotegemea wengine yalikuwa yameshajazwa kalisaiti mpya kwenye sakafu ya baridi. Mara ya kwanza nilipoona gamba la namna hiyo chini ya darubini, vyumba vyake vyote vikiwa wazi na ukuta ukipitisha taa kama kikombe cha kaure, nilinyamaza kwa muda. Kitu cha miaka zaidi ya milioni 50, na kuta zake bado ni zile alizojenga mwenyewe.

Njia ya pili ni kemia. Maji ya mvua huongeza manganizi kwenye chokaa na kupunguza strontiamu. Uwiano wa manganizi kwa strontiamu ukipanda sana, shuku. Oksijeni nayo hubadilika mapema kuliko kaboni, kwa sababu maji yanayopita mwambani yana oksijeni tele na kaboni kidogo. Ukikuta δ¹⁸O imeshuka chini ya −10‰ katika chokaa, kaboni yake inaweza kuwa imeponea lakini iwekwe kizuizini hadi ithibitishwe.

Watu wengi huchora kaboni dhidi ya oksijeni, na zikipanga mstari mmoja wanaitupa seti nzima. Nadhani hilo ni haraka mno. Katika tukio la miaka milioni 56 iliyopita bahari ilipokea kaboni nyepesi na wakati huo huo ikapata joto. Kaboni ilishuka, na oksijeni ya magamba ikashuka pia, zote mbili kwa kweli. Mstari ule ni sababu ya kuuliza, haujawa hukumu. Tazama kama kushuka kunafuata tabaka au kunafuata nyufa na rangi ya mwamba. Mimi niliwahi kufurahia mchepuko wa 4‰ kwa wiki mbili hadi nilipofungua tena daftari langu na kuona kwamba nukta zote za chini zilitoka chini ya uso mmoja wenye alama za mizizi. Alama hizo nilizichora mwenyewe, siku ya kwanza, kwa penseli yangu.

Mfano mgumu kuliko yote uko Oman. Katika milima ya Jabal Akhdar na jangwa la Huqf kuna matabaka ya Shuram ambamo kaboni inashuka hadi karibu −12‰, chini hata ya kaboni inayotoka ndani ya dunia kupitia volkeno, ambayo ni −5 hadi −7‰. Kwa miaka mingi wapo waliosema bahari yenyewe ilifika huko, na wapo waliosema ni maji yaliyopita mwambani baadaye. Umbo la namna hiyo limeonekana pia Australia, China na Marekani, jambo lililowapa nguvu wa upande wa kwanza, ingawa kufanana peke yake hakutoshi. Kilichosogeza hoja mbele ni umri uliopimwa kwa njia isiyohusiana na kaboni kabisa: mwaka 2020 watafiti walionyesha, kwa saa ya rhenia na osmia, kwamba mchepuko wa Oman na ule wa kaskazini-magharibi mwa Kanada uliangukia kati ya miaka milioni 574 na 567 iliyopita. Sababu yake bado inabishaniwa. Lakini angalia mpangilio: saa huru kwanza, kufanana kwa umbo baadaye.

Kuoanisha

Chora kina wima, δ¹³C mlalo, kwa vipimo halisi vya mita. Usivute wala kubana mchoro wowote kwanza. Kisha weka nanga: mahali visukuku vinapoanza au kutoweka, mabadiliko ya usumaku, tabaka la majivu lenye fuwele za zirkoni zilizopimwa umri. Kwa mpaka wa Paleosini na Eosini nanga ziko wazi. Foraminifera wengi wa sakafu ya kina kirefu wanatoweka, na juu ya maji wanatokea wageni wa muda mfupi kama Acarinina sibaiyaensis, ambao hukaa kwa muda wa tukio na kuondoka nalo. Ukikuta mchepuko hasi wa 3‰ bila wageni hao katika mashapo ya bahari yenye magamba mazuri, huenda uko kwenye tukio jingine. Eosini ya mwanzo ina mengine madogo yanayofanana nalo.

Nanga zikishakaa, linganisha sehemu nne za umbo: kiwango cha kabla, mwanzo wa kushuka, bonde lenyewe, na kurejea. Mwanzo wa kushuka ndio wa kuaminika zaidi kwa sababu ndio wa haraka zaidi. Kwa hiyo mwaka 2003 mpaka rasmi wa kuanza kwa Eosini uliwekwa Dababiya mahali mchepuko unapoanza. Tazama nguvu ya uamuzi huo: anayetafuta mpaka huo popote duniani anatafuta kaboni. Hata nchi kavu. Mwaka 1992 Paul Koch, James Zachos na Philip Gingerich walipima meno ya wanyama na vinundu vya chokaa vya udongo wa kale huko Wyoming, wakakuta kushuka kule kule, na mara moja tabaka lenye farasi wa mwanzo wa Amerika Kaskazini likafungwa na tope la sakafu ya bahari ya Antaktika. Hakuna kisukuku kimoja kinachopatikana mahali hapo pawili.

Ukubwa wa mchepuko usikusumbue. Mimea ya nchi kavu huonyesha kushuka kukubwa kuliko chokaa ya bahari ya kina, kwa sababu unyevu, joto na aina ya mimea vinaongeza vyao. Oanisha kwa mpangilio na nanga, usioanishe kwa urefu wa kilele.

Kisha fanya jaribio la mwisho, ambalo wengi huliruka. Kwa kila jozi ya nukta ulizooanisha, kokotoa kasi ya mashapo. Kama ulinganisho wako unalazimisha kasi ya sentimita 1 kwa miaka 1,000 ipande hadi 12 kisha irudi 1, na mwamba wenyewe haubadiliki rangi wala chembe, ulinganisho huo si wa kweli, hata ukipendeza kiasi gani. Zipo programu za kompyuta zinazovuta mchoro mmoja hadi ukae juu ya mwingine. Zitumie, lakini jua kwamba programu haikatai kamwe. Itaoanisha chochote utakachoipa.

Na mchoro ukiruka ghafla kutoka nukta moja hadi nyingine, kabla ya kusema tukio lilikuwa la haraka, rudi kwenye mwamba. Tafuta uso uliokwaruzwa, vichimbo vya minyoo vilivyojazwa mashapo ya juu, chembe za kijani za glaukonaiti, vinundu vya fosfati. Hizo ni dalili za wakati uliopotea. Katika kisima namba 14 cha mradi wa Tanzania, ambacho ndicho kilichokamata tukio la miaka milioni 56, kushuka kunaonekana na bonde linaonekana, lakini kurejea hakupo: mashapo yake yamekatwa na pengo. Asiyeliona pengo hilo angesema kwamba kwetu bahari ilipona ghafla. Aliyeliona anaoanisha sehemu ya chini na Dababiya kwa uhakika, na sehemu ya juu anaiacha wazi kwenye mchoro, kwa mstari wa mawimbi unaoeleweka na kila mtu wa matabaka.

Unapokabidhi kazi, toa jedwali lote: kina cha kila sampuli, kaboni, oksijeni, kilichopimwa, sampuli zilizokataliwa na sababu ya kuzikataa. Mistari ya kuoanisha iwe ya aina mbili, mzima kwa ile iliyo na nanga na wa vipande kwa ile inayotegemea umbo tu. Nguzo ya keekee ipasuliwe kwa urefu, nusu moja itumike, nusu ya pili ifungwe, iandikwe mshale wa juu na kina chake kila mita, iwekwe mahali pakavu. Unga uliobaki utie kwenye vichupa vyenye namba zile zile za daftari. Atakayekuja na mashine bora kuliko yako ataanzia hapo.